Kitani cha Sista Brijida

Mwezi uliopita nilinunua kitambaa cha meza kwenye mitumba, pale sokoni ambako siwezi kupita bila kuinama na kupekua. Kilikuwa chini kabisa ya lundo la mashuka, kimekunjamana, kizito kuliko ukubwa wake, na muuzaji alikuwa ameshakikatia tamaa. Nilipofika nyumbani nikakitumbukiza kwenye beseni. Maji yalipokiingia tu, ikapanda harufu ambayo nilikuwa sijaisikia kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano: harufu ya majani makavu yaliyonyeshewa, na nyuma yake kitu kama nafaka iliyolowekwa. Nikabaki nimeinama, mikono ndani ya maji, nikicheka peke yangu. Kisha, niseme ukweli, nikalia kidogo. Mtu mzima kulilia beseni la nguo si jambo la kutangaza, kwa hiyo nawaambia ninyi tu.

Kile kilikuwa kitani. Pamba tunaijua wote, tumeilima na imetuchoma vidole. Kitani wengi wetu tunakisikia kanisani, kwenye masomo. Mimi nilikijua kwa pua kabla sijajua kusoma vizuri, kwa sababu mama yangu ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya kanisa la kijijini kwetu, na kimoja kati yavyo kilikuwa cha kitani. Hicho kimoja nusura nikiharibu kabisa.

Kijiji chetu kina jina lake kwenye ramani, lakini sisi tulikiita Jineri, kwa ajili ya kiwanda cha kuchambulia pamba kilichokuwa kando ya ziwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Ilemela. Baba alikuwa fundi wa mitambo humo. Wakati wa msimu mashine zilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, na nyuzi nyeupe zikaelea hewani na kutua kwenye nywele zetu, kwenye uji, kwenye migongo ya mbuzi. Nilipokuwa darasa la pili kiwanda kikafungwa. Hakuna aliyekuja kututangazia. Msimu ulifika, mashine hazikunguruma, watu wakawa wanasema "mwezi ujao, mwezi ujao," mpaka popo wakahamia ndani. Baba akaanza kulima nyanya. Kijiji kikaendelea kuitwa Jineri, kama mtu anavyoendelea kuitwa Mwalimu hata akishastaafu.

Sista Brijida alikuwepo kabla ya hayo yote. Alikuwa mtawa kutoka Ailandi, mrefu, mwembamba, mwenye uso uliojaa madoadoa ya jua, na alifika kwetu kabla mama yangu hajaolewa. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa Wasukuma, kwa hiyo lafudhi yake ilikuwa ileile ya bibi yangu. Ukimsikiliza bila kumtazama ungeapa ni mwanamke wa Bujora. Asubuhi alitusalimu "Mwangaluka," na ole wake mtoto aliyejibu kwa kunong'ona.

Jumamosi alitufundisha katekisimu, na kila Jumamosi, kabla hatujamaliza amri kumi, alikuwa ameshatoroka darasani na kurudi kwao. Namaanisha kwa maneno. Alizaliwa katika kijiji kidogo ambacho kila nyumba ilikula kwa kitani. Alitueleza kwamba kitani ni mmea wenye ua la buluu, haukatwi bali unang'olewa na mizizi yake, kisha unalazwa kwenye dimbwi na kuwekewa mawe juu, uoze.

"Kama mihogo," alisema mmoja wetu.

"Kama mihogo yenyewe," alisema Sista. "Na unanuka vilevile. Siku yangu ya kwanza hapa nilipita karibu na mihogo iliyovundikwa, wenzangu wakaziba pua. Mimi nilisimama pale nikinusa kama mbwa, maana nilisikia kwetu."

Lakini sehemu niliyoipenda mimi ni ya majani. Kitani kikishafumwa, alisema, huwa na rangi ya kahawia kama maji ya mto. Basi wazee wa kwao walikitandaza juu ya majani mabichi, mlima mzima, wakakinyunyizia maji, wakakiacha pale wiki nyingi. Jua na umande na majani, hivyo vitatu, vilinyonya kila doa mpaka nguo ikawa nyeupe kabisa. Kwa mbali, alisema, ungedhani yangeyange wote wa dunia wametua mlimani. Na kila shamba lilikuwa na kibanda kidogo cha mawe, ndani yake amekaa mlinzi, kwa sababu zamani mwizi wa kitani alinyongwa. Sisi tuliofundishwa "usiibe" asubuhi hiyohiyo tulilielewa hilo barabara.

Kitambaa chenyewe kilitoka huko. Kilifumwa na mama yake Sista, naye alikuja nacho kwenye sanduku lake. Kilitandikwa altareni Krismasi na Pasaka tu, na kati ya siku hizo kililala kabatini kwetu, ndani ya mfuko wa mto, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukikoholea.

Kilikuwa na kasoro moja. Kwenye ukingo, upande unaowaelekea waumini, palikuwa na doa la kahawia, dogo kama punje ya harage, na mbele yake limeburuzika kidogo kama kidole kilichoteleza. Mama alikuwa amepigana na doa lile tangu alipokabidhiwa kazi. Alijaribu sabuni ya mche, limau na chumvi, majivu, buluu. Dawa kali Sista alikataza, maana ingekula nyuzi. Doa lilikaa. Na kwa kuwa wanakijiji hawakosi la kusema, wanawake wa jumuiya wakasema kwamba Mama Minza alikichoma kwa pasi ya mkaa, akaona haya kukiri. Minza ni mimi. Nilizisikia hizo habari kisimani, nikarudi nyumbani na ndoo nusu, nusu nyingine nimemmwagia binti wa mmoja wa wasemaji.

Mama hakujitetea. "Maneno hayavunji mfupa," alisema, lakini jioni nilimwona amekitoa kitambaa, amekaa nacho dirishani, anasugua kwa ncha ya kidole.

Nilipokuwa na miaka kumi, tukatangaziwa kanisani kwamba Sista Brijida ameitwa kwao akapumzike. Misa ya kumuaga ingekuwa Jumapili iliyofuata, kitambaa cha mama yake kingetandikwa, kisha angeondoka nacho. Usiku ule alimwambia baba jambo ambalo sikulisahau: "Sista atamrudishia mama yake kitambaa chenye doa, na itakuwa mimi ndiye niliyemwaibisha." Mama yake Sista alikuwa amekufa zamani. Lakini nilielewa.

Alhamisi mama aliamka mapema kwenda Kisesa kwenye msiba wa shangazi yake. Kitambaa alikuwa ameshakifua. Kililala ndani ya taulo, kikiwa na unyevu, kwa sababu kitani hupigwa pasi kingali kibichi. "Usikiguse," aliniambia. "Pita mbali nacho."

Ninaweza kusema shetani alinipitia, lakini hapana, aliyenipitia ni Sista Brijida. Nilikaa nikilitazama taulo lile nikajiambia: jua tunalo, majani tunayo, umande bado haujakauka. Limau limeshindwa, buluu imeshindwa, kumbe dawa yenyewe imo kwenye katekisimu miaka yote na hakuna aliyesikiliza ila mimi. Mama angerudi jioni akute doa halipo. Nilishaiona sura yake.

Chini ya uzio wa jineri, karibu na ziwa, palikuwa na majani mafupi mabichi, yaliyokatwa vizuri na meno ya ng'ombe. Nilikitandaza pale. Nilikinyunyizia maji kwa kiganja kama padre. Kisha nikapanda kwenye jiwe, nikakaa na fimbo yangu, mlinzi wa kitani wa kwanza na wa mwisho katika Usukuma nzima. Nilikuwa nimefikiria kila adui. Ng'ombe waliokaribia niliwarudisha. Mbuzi mmoja alinitazama kwa dharau, nikamrushia kokoto. Kuku, mbwa, watoto wa jirani, wote nilikuwa tayari kwao.

Maadui wote niliowafikiria walikuwa na miguu ya kutembelea. Kule Ailandi, nadhani, walikuwa hao tu. Lakini mtu aliyekulia kando ya ziwa letu hana kisingizio. Kabla ya saa nne niliinua macho nikaona moshi juu ya maji, nguzo nyeusi inayojipinda, halafu ya pili, halafu ya tatu. Ule si moshi. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, wanaoibuka majini kwa mamilioni na kuja nchi kavu na upepo. Kijiji kizima kiliwajua. Wakionekana, akina mama hufunika vyungu, hufunga madirisha, huanua nguo, hasa nyeupe. Niliruka kutoka kwenye jiwe, lakini upepo ulikuwa na mbio kuliko mimi. Nilipofika, kitambaa hakikuwa cheupe tena. Kilikuwa kinatembea.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa lililo kubwa kuliko kukitoa. Kila mtoto wa kwetu anajua: wakitua kwenye nguo, usiwapige. Waache, jua liwakaushe, ukung'ute, wataanguka kama makapi. Mimi nilivua kanga yangu na kuwapiga. Niliwapiga kwa nguvu zote, nikilia, huku wengine wakiniingia mdomoni, na kila pigo liliacha mchirizi wa kijani. Waliposhika njia yao, kitambaa cha mama yake Sista Brijida kilikuwa na ramani nzima ya visiwa, Ukerewe na jirani zake wote.

Na doa la kahawia lilikuwa palepale.

Mama alirudi jioni na vumbi la Kisesa miguuni. Nilikuwa nimekiweka mezani, wazi, kwa sababu sikuwa na akili ya kukificha. Alikiinamia. Mimi nilikuwa ninangoja fimbo, nikiitamani kabisa, kwa sababu ikipigwa mambo huisha.

"Ni wadudu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukawapiga."

"Ndiyo."

"Nini kilikutoa nacho nje?"

Nikamweleza: majani, umande, mlima wa yangeyange. Nikamwambia nilitaka doa litoke. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtandio wa msiba bado kichwani. Hatimaye alisema, "Kesho utampelekea Sista wewe mwenyewe. Sitakusemea."

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile ya kutoka kwetu hadi nyumba ya masista, na ni mwendo wa kurusha jiwe tu. Sista alitukuta mlangoni. Mama alisema "Tumsifu Yesu Kristo" kwa sauti ya mtu anayetapika, Sista akaitikia "Milele amina," kisha wote wawili wakanitazama mimi na kile kifurushi. Nilikifungua juu ya meza yake. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, lakini iliyotoka ni moja tu: "Sista, nilikianika majanini."

Hakukasirika. Alikiinua kwa mikono miwili, akakileta usoni, akavuta harufu, kisha akakaa. Alikaa kama mtu aliyevutiwa kiti na mwingine.

"Kinanuka majani," alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mama Minza, kinanuka majani."

Mama alianza kuomba msamaha, kwa ajili yangu, kwa ajili ya wadudu, na mwisho, kwa sababu mlango ulikuwa umeshafunguka, kwa ajili ya doa la kahawia. "Hilo la zamani nalo, Sista. Watu wanasema nilikichoma. Sikukichoma. Nimesugua miaka sita, na halitoki."

Sista alimtazama kwa mshangao. "Lile? Lile litatokaje? Ni mafuta ya mashine. Limefumwa humo."

Akatueleza, polepole, akilishika doa lenyewe kwa kidole gumba. Mama yake alifuma kitani kiwandani tangu akiwa msichana mdogo, na mezani kwao walitandika magazeti. Kitambaa kizuri kilikwenda kwa wenye nacho. Siku moja mashine ilidondosha tone la mafuta, mama yake akajaribu kulifuta kwa kidole, likaburuzika. Kitambaa kikawa hakiuziki, akaruhusiwa kwenda nacho nyumbani. "Hili doa ndilo lililotupatia kitambaa," alisema. "Na hapa ndipo kidole chake kilipoteleza. Huwa natazama hapa tu padre anapohubiri."

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama wima sana.

"Miaka sita, Sista," alisema. "Limau. Majivu. Na hukuniambia."

"Ulikuwa unasugua kwa bidii mno," alisema Sista Brijida, akiona haya kama mtoto. "Nilikosa pa kuanzia."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa mtandio, akashindwa, na Sista naye akashindwa, wakacheka mpaka mpishi akachungulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nangoja fimbo.

Badala yake nilitumwa maziwa. Sista alitaka maziwa chachu, yale yanayobaki kwenye kibuyu baada ya kusukwa na kutolewa samli. Kwao, alisema, kitani kililowekwa ndani yake kabla ya kupelekwa majanini, tena na tena. Mama hakuamini kwamba mtu mwenye akili anaweza kumwagia nguo ya kanisa maziwa ya ng'ombe, lakini alimwaga. Ijumaa ile na Jumamosi tulikaa watatu kwenye vigoda, uani kwa masista, tukikichunga kitambaa kwenye majani. Nguzo za wadudu zilipoonekana juu ya ziwa, tulikifunika kwa chandarua, kila mtu kona yake, mama akitoa amri. Nadhani hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwamuru Sista, na aliifurahia.

Visiwa vilififia. Ukerewe ilikwenda, na vile vidogo vikaenda. Kufikia Jumapili vilibaki vivuli vitatu tu karibu na doa la kahawia, rangi ya maji ya mchicha, ambavyo ungeviona kama ungeambiwa uvitafute. Mama alikipiga pasi kingali kibichi. Kanisani alikaa kiti cha mbele na kutazama moja kwa moja altareni, na aliyekuwa na la kusema kuhusu pasi alilimeza. Sista aliondoka Jumanne. Aliniwekea mkono kichwani, akaniambia, "Baki na Mungu, mlinzi."

Nilikuwa kidato cha tatu barua ilipokuja. Ilitoka kwa mpwa wake Sista, kwa Kiingereza, imeandikwa juu "Kwa Mama Minza." Sista alikuwa amefariki. Ndani palikuwa na picha ya jeneza, na juu yake nilikitambua kitambaa kwa mkunjo wake. Nyuma, kwa mbali, lilionekana bomba refu la moshi la kiwanda kilichofungwa, nikadhani kwanza ni jineri yetu. Mpwa aliuliza jambo moja. Familia ingependa kukitoa kitambaa kwa kanisa la kijijini kwao. Doa la kahawia walilijua, ni la bibi yao. Lakini kulikuwa na alama tatu za kijani hafifu, na kila walipotaka kuzifua shangazi yao aliwakataza, akacheka, asiseme sababu. Je, sisi tulijua ni nini, na kinachozitoa?

Nilimsomea mama, nikimfasiria. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Waandikie," alisema. "Waambie hayo ni ya kwetu. Wasiyaguse."

Niliandika. Sikujua wale wadudu wanaitwaje kwa Kiingereza, kwa hiyo niliweka "wadudu wadogo wa ziwa, hawaumi." Siku zote hizo nilikuwa nimeamini kwamba Sista alinisamehe kwa sababu ni mtawa na ndiyo kazi yao. Niliposhika kalamu ile ndipo nilipoelewa kidogo, na kila mwaka ninaelewa zaidi. Alikaa nasi karibu maisha yake yote, na alikuwa anaondoka na sanduku lilelile alilokuja nalo, akiwa na mama yake humo ndani na bila hata mmoja wetu. Mimi, kwa ujinga wangu na kanga yangu, nilimpa cha kuondoka nacho. Na mama yangu, ambaye hajawahi kuvuka hata Kagera, alikuwa anajua ana mahali pake katika kijiji cha watu asiowajua, na hakuwa tayari kufutwa.

Mama anaishi nami sasa. Macho yake yamepungua nguvu. Kitambaa cha mitumba nilikipiga pasi kibichi, kama alivyonifundisha, nikakitandika mezani na kumwongoza mkono wake juu yake bila kusema kitu. Alikinusa. Alitabasamu. Kisha akapitisha vidole ukingoni, polepole, upande hadi upande, pande zote nne, akitafuta.

"Hiki safi mno," alisema. "Hakina mwenyewe."

Akachukua kikombe chake cha chai, kimejaa hadi juu, akakiweka katikati ya kitani bila kisahani, nami nikakiacha.